“La Vie est belle”, karibu miaka 40 baadaye: wale waliotuchekesha wamefikia wapi?

Kuna filamu moja ambayo wazazi wetu huku Butembo na Beni bado wanaitaja kwa kicheko. Jina lake ni “La Vie est belle”, maana yake “maisha ni mazuri”. Ilitoka mwaka 1987, wakati inchi ilikuwa bado inaitwa Zaïre. Leo vijana wanaipata kwenye kadi ya telefone, katikati ya filamu za Nigeria na za Tanzania, wanaiangalia na wanauliza: huyu ni Papa Wemba kweli? Alikuwa kijana namna hii? Na wale wengine wako wapi?

Ni swali la kawaida. Mtu akikuchekesha, unapenda kujua habari zake. Lakini ukilifuata swali hili mpaka mwisho, linakuambia jambo zito kuhusu kazi ya usanii katika inchi yetu. Linawahusu pia vijana wanaocheza michezo ya kuchekesha hapa kwetu, katika Kiswahili na Kinande, na ambao tunawasikia kila wiki kwenye redio na kwenye WhatsApp.

Kwanza tukumbushane filamu yenyewe

Waongozaji walikuwa wawili. Wa kwanza ni Mweze Ngangura, mtoto wa mashariki, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1950 na akasomea sinema Ubelgiji. Wa pili ni Mbelgiji Benoît Lamy. Walipiga picha Kinshasa, mchezo wenyewe ukiwa katika Kifaransa.

Habari yake ni hii. Kijana mmoja maskini, Kourou, mwanamuziki wa kijijini, anapoteza chombo chake cha muziki. Anaamua kwenda Kinshasa, juu anataka siku moja aimbe kwenye redio na televisheni. Mjini anapata kazi ya boyi kwa tajiri mmoja, Nvouandou, mwenye baa ya muziki. Huyu tajiri ana pesa, lakini nguvu za kiume zimemkimbia. Anaenda kwa mganga, na mganga anamwambia aoe mwanamke wa pili, binti asiyejua mwanaume, tena asimguse kwa siku 30. Tajiri anamchagua Kabibi, binti yule yule ambaye Kourou anampenda. Bibi wa kwanza, Mamou, naye halali usingizi: anatafuta njia ya kujilinda na ya kulipiza. Hapo ndipo vicheko vinaanza.

Watu wa umri mkubwa watakumbuka sababu ya filamu hii kupendwa. Ilionyesha maisha yenyewe: mtu hana kitu, lakini anajipanga, anazunguka, anapata njia. Wakaaji wa Kinshasa wanaita hiyo “Article 15”. Wakaaji wa Butembo hawahitaji kufundishwa maana yake.

Papa Wemba: alifika mbali kuliko Kourou

Kourou alikuwa Papa Wemba. Jina lake la kuzaliwa ni Jules Shungu Wembadio Pene Kikumba, na alizaliwa Lubefu, huko Sankuru, mwaka 1949. Wakati wa filamu alikuwa tayari mtu mkubwa: alikuwa mmoja wa vijana wa Zaïko Langa Langa tangu mwaka 1969, na mwaka 1977 alianzisha Viva la Musica. Kwa hiyo alipocheza kijana anayetafuta mlango wa kuingia televisheni, watu walicheka mara mbili. Wote walijua kwamba mwenyewe alikwisha kuingia zamani.

Baada ya filamu jina lake lilienda Ulaya, Japani na Marekani. Kisha ikaja kesi. Mwaka 2003 alifungwa Ufaransa kwa shitaka la kuingiza watu kule kinyume cha sheria, kwa kusema ni watu wa kundi lake la muziki. Alikaa gerezani miezi michache, na mwaka 2004 tribinali ya Bobigny ilimpa kifungo cha miezi 30, lakini minne tu ndiyo ya kukaa ndani. Ukiangalia vizuri, ni habari ya Kourou iliyogeuka: wale vijana walikuwa wanatafuta mlango kama yeye, ila mlango huu ulikuwa wa Paris.

Alifariki tarehe 24 Aprili 2016 huko Abidjan. Alikuwa anaimba jukwaani kwenye tamasha la FEMUA na akaanguka mbele ya watu. Mwili ulirudishwa Kinshasa, Leta ikampa heshima za taifa, na mazishi yalifanyika mwanzo wa mwezi wa tano. Baadaye serikali iliichukua nyumba yake ya Ma Campagne ili iwe jumba la kumbukumbu ya rumba. Na tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Pépé Kallé na Emoro: waliondoka mapema

Ndani ya filamu kuna watu wengine wawili ambao mashariki tunawajua sana. Wa kwanza ni Pépé Kallé, yule jitu wa Empire Bakuba, mwenye sauti nzito na mwili mkubwa. Wa pili ni Emoro, mcheza dansi mfupi aliyekuwa anasimama kando yake, na watu walikuwa wanashangilia hata kabla muziki haujaanza.

Emoro alifariki mwaka 1992 akiwa safarini Botswana pamoja na kundi. Pépé Kallé alifariki Kinshasa mwishoni mwa Novemba 1998, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa hajafikisha miaka 47. Wakati ule vita vilivyoanza mwezi wa nane vilikuwa vimekwisha kuikata inchi vipande viwili. Butembo na Beni zilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, na Kinshasa ilikuwa ngambo nyingine. Hata hivyo habari ilifika, na nyimbo zake zilipigwa katika baa za pande zote mbili za vita.

Benoît Lamy naye hayupo tena: aliuawa Ubelgiji mwaka 2008. Mweze Ngangura aliendelea na kazi. Filamu yake “Pièces d'identités” ilipata mwaka 1999 zawadi kubwa ya FESPACO huko Ouagadougou, ile inayoitwa Étalon de Yennenga. Mtoto wa Bukavu kushinda zawadi hiyo ni jambo ambalo tungepaswa kulifundisha mashuleni.

Na wale wengine?

Sasa tufike kwenye kiini cha habari yetu. Filamu hii haikubebwa na wanamuziki peke yao. Kabibi, binti ambaye kila mtu anamgombania, alichezwa na Krubwa Bibi. Tajiri Nvouandou, ambaye bila yeye hakuna kicheko hata kimoja, alichezwa na Kanku Kasongo. Bibi yake Mamou alichezwa na Landu Nzunzimbu Matshia. Kulikuwa tena na Lokinda Mengi Feza, Kalimazi Lombume, Mazaza Mukoko, Mujinga Mbuji Inabanza na Bwanando Ngimbi.

Soma majina hayo kwa sauti. Ni mangapi ulikuwa unayajua? Ukiyatafuta leo, yanakuja karibu kila mara pamoja na filamu hii moja tu. Siku za kumkumbuka Papa Wemba, redio zote zinapiga nyimbo zake kutoka asubuhi. Siku ya kumkumbuka Kanku Kasongo haipo kwenye kalenda ya redio yoyote, hata yetu. Na bado, ukimuuliza mzee aliyeiona filamu akuonyeshe kitu kilichomchekesha, ataiga uso wa yule tajiri mbele ya mganga.

Kwa nini tofauti hii? Kipaji sicho kilichopungua. Tunaona sababu tatu.

Ya kwanza ni namna pesa inavyotembea. Mwanamuziki anaandika wimbo, na wimbo unabaki mali yake. Ukipigwa kwenye redio, ukiuzwa, ukiimbwa na mwingine, kwa sheria kuna kitu kinapaswa kumrudia yeye au watoto wake. Mara nyingi hakirudi, tunajua, lakini haki ipo na jina lipo. Mchezaji wa filamu analipwa kwa siku za kazi. Akimaliza, anapokea bahasha na anarudi nyumbani. Filamu ikizunguka dunia miaka 40, bahasha haiongezeki, labda kama mkataba wake ulisema vingine.

Ya pili ni sinema yenyewe kuanguka. Baada ya mwaka 1987 kazi ingepaswa kuongezeka. Badala yake kukaja uporaji wa Septemba 1991 na wa Januari 1993 huko Kinshasa, pesa ya inchi ikakosa thamani, kisha vita. Majumba ya sinema yalifungwa moja kwa moja, mengi yakageuka makanisa. Mwanamuziki alibakia na baa, na kaseti, na safari za Ulaya. Mchezaji wa sinema alibakia na nini? Televisheni tu, na michezo ya Kilingala iliyokuwa inalipwa kidogo.

Ya tatu ni Leta. Sheria ya haki za waandishi na haki jirani katika inchi yetu ni ya tarehe 5 Aprili 1986, karibu wakati ule ule wa filamu. Haki jirani ndizo zinazomhusu mtu anayecheza au anayeimba kazi iliyoandikwa na mwingine. Shirika la kukusanya haki hizo, SONECA, lilikuwepo tangu mwaka 1969. Lilikufa polepole, na mwaka 2011 SOCODA ikachukua nafasi yake. Karatasi zipo, ndugu zangu. Lakini mkusanyaji wa SOCODA anaanza na baa, hoteli na redio, mahali muziki unapigwa. Mchezaji wa filamu inayokopiwa kwenye kadi kwa franga chache, nani atamfuatia pesa yake?

Si Kongo peke yake

Tusijilaumu kana kwamba sisi tu ndio wabaya. Wengi wetu tulimcheka N!xau, yule mwindaji wa Namibia katika filamu “The Gods Must Be Crazy” ya mwaka 1980, aliyeokota chupa ya Coca-Cola. Filamu ile iliingiza mamilioni ya dola duniani. Habari zilizoandikwa kumhusu zinasema malipo yake ya kwanza yalikuwa dola mia chache tu. Kwa filamu ya pili, ya mwaka 1989, alikuwa amejifunza: aliomba zaidi, akapata zaidi, akajenga nyumba. Kisha alirudi kulima na kufuga kule Tsumkwe, na akafariki mwaka 2003. Mtu yule yule, kipaji kile kile. Kilichobadilika kati ya filamu ya kwanza na ya pili ni kwamba mara hii alijua bei yake kabla ya kukubali.

Karibu zaidi na sisi kuna King Majuto wa Tanga, jina lake kamili Amri Athumani. Filamu zake zilifika mpaka Butembo kwenye VCD, na watoto wetu walijifunza Kiswahili cha Tanzania kwa kumcheka. Alipougua mwaka 2018, ilibidi watu wachangie matibabu yake. Ndipo Watanzania walipoanza kuuliza: mtu huyu aliyecheza filamu nyingi namna hii na matangazo ya biashara, pesa zake ziko wapi? Waziri wa wakati ule, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuangalia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki tarehe 8 Agosti 2018 kwenye hospitali ya Muhimbili. Swali kuhusu mikataba lilikuja wakati mzee yuko tayari kitandani.

Na hapa kwetu Butembo na Beni?

Hapa ndipo tunapotaka kila kijana asome polepole.

Vijana wa Bulengera, wa Kimemi, wa Mulekera na wa Ruwenzori hawangoji studio ya Kinshasa. Wanachukua telefone, wanavaa koti la baba na kitambaa cha mama, wanacheza mchezo wa dakika tano. Jioni video iko Kasindi, Lubero, Kampala, na kwa wandugu walio Ulaya. Hawajasimama hata katika miaka ya mauaji na usalama mdogo, hata chini ya utawala wa kijeshi uliowekwa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu Mei 2021. Na tangu Goma iingie mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, wasanii wa huku hawawezi tena kuitegemea kama mahali pa studio na matamasha.

Kuna pia kazi ambayo wengi wanaisahau. Wakati wa Ebola, kutoka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, wachekeshaji wa Butembo na Beni walisaidia kusema maneno ambayo watu hawakutaka kuyasikia kwa daktari. Mchezo mdogo wa redio kuhusu mama mkwe anayekataa kunawa mikono uliingia katika nyumba ambazo magari ya msaada yalirushiwa mawe. Baadaye michezo ya namna hiyo ilitumika kwa chanjo, kwa uchaguzi, kwa amani.

Wanalipwa namna gani? Anayejua mambo haya atakubali: mara nyingi ni pesa ya usafiri, soda, na sahihi kwenye liste ya waliohudhuria. Ile liste inasema ulikuwepo. Haisemi kazi yako itatumika mara ngapi, wapi, na kwa muda gani. Mchezo unarekodiwa siku moja, unapigwa miaka mitatu, unapelekwa katika jimbo lingine. Mwishoni wanauweka ndani ya video ya mradi, na chini ya video hakuna jina hata moja la waliocheza.

Na sisi watu wa redio tusijifiche. Mara ngapi tumepiga mchezo hewani bila kutaja aliyecheza? Mara ngapi tumefuta rekodi ili tupate nafasi kwenye ordinatera? Kesho mchekeshaji akifariki, tutamlilia hewani, halafu tutatafuta sauti yake tusiipate.

Hatua ndogo ambazo haziombi ruhusa ya Kinshasa

Hatusemi kwamba sheria itabadilika kesho. Lakini kuna mambo manne ambayo kundi la watu watano wa Beni au Butembo linaweza kufanya wiki hii.

Moja, karatasi ya ukurasa mmoja kabla ya kamera kuwashwa. Iandikwe kwa Kiswahili au Kifaransa: nani anacheza, analipwa ngapi na lini, mchezo utaonyeshwa wapi, kwa muda gani, na wakiutumia tena wataongeza nini. Pande zote mbili ziweke sahihi, kila mtu abaki na kopi. Mteja akikataa kusaini karatasi hiyo, amekwisha kukuonyesha moyo wake.

Mbili, majina ndani ya kazi yenyewe. Kwenye video yaandikwe mwishoni, na kwenye redio yasemwe kwa mdomo. Majina ya Krubwa Bibi na wenzake tunayajua leo kwa sababu moja tu: mwaka 1987 kuna mtu aliyeyaandika kwenye filamu. Michezo mingi ya huku kwetu haina hata hilo.

Tatu, kuweka akiba ya kazi. Faili la asili libaki kwa kundi, katika sehemu mbili tofauti. Telefone inaibiwa, inaanguka ndani ya maji, na watu wanakimbia vijiji usiku. Wanaotaka kujiandikisha SOCODA watahitaji kuonyesha kazi zao. Bila faili hakuna cha kuonyesha.

Ine, likelemba ya wasanii. Akina mama wa soko wanajua kuifanya: kila mmoja anatoa kidogo kila wiki, na mgonjwa anasaidiwa kabla ya kuombwa msaada barabarani. Kuchangishana wakati mtu yuko Muhimbili, au hospitali kubwa ya Kitatumba, ni kuchelewa.

Kuna watakaosema: nyinyi watu wa redio munaleta mambo ya karatasi kwa watoto wanaocheza tu, waacheni wafurahi. Tunaelewa. Ukidai mkataba, mteja anaweza kwenda kumchukua mwingine asiyedai kitu, na njaa haina mkataba. Ndiyo maana kundi moja peke yake halitashinda. Ikiwa makundi ya mji mmoja yatakubaliana juu ya ile karatasi ya ukurasa mmoja, mteja hatakuwa na mahali pa kukimbilia. Wachukuzi wa pikipiki wa Butembo wanajua nguvu ya kukubaliana bei. Wachekeshaji nao wanaweza.

Kwa upande wetu, tumeanza na jambo dogo: kila mchezo utakaopita hewani kwetu utatajwa na majina ya waliocheza, mwanzo na mwisho. Kama una kaseti au faili la mchezo wa zamani, wa Kinande ao wa Kiswahili, ulete redioni tulikopie na tukurudishie. Uje na mtu anayekumbuka ni nani alicheza nani.